Ishue Mashua Ile!

Unaijua. Usiniambie huijui! Unaipita ukienda sokoni, unaipita ukienda msikitini, unaipita ukienda gatini kumpokea mgeni. Imelala ubavu kwenye matope nyuma ya mikoko ya Lamu, mlingoti umeng'olewa, usukani umeegemezwa ukutani kwa mtu.

Pengine ni ya marehemu baba yako. Pengine ni ya jirani aliyehamia Mombasa, naye amekwisha kukwambia: nipe chochote, ichukue. Ukamjibu, nitafikiri. Ukamjibu, acha kusi ipite. Ukamjibu, inshallah.

Kusi imepita! Imekuja nyingine, nayo imepita. Na kila masika yaliyonyesha juu ya chombo kile yamekula sehemu yake, huku wewe ukifikiri.

Sikuandikii kukufundisha thamani ya mashua. Wewe ni mtoto wa pwani. Umelala juu ya mbao zile ukiwa mdogo, umekula samaki waliovuliwa nazo, umeuona mji wa Lamu ukijitokeza kutoka nyuma ya tanga. Hayo yote unayajua. Ndiyo maana kuchelewa kwako kunauma!

Sikiliza jinsi inavyokufa.

Jua linaikausha. Ubao uliozoea kushiba maji unasinyaa, maungio yanafunguka, pamba iliyokalafatiwa kwa mikono ya mtu inadondoka mchangani kipande kwa kipande. Kisha inanyesha. Maji ya mvua yanajaa ndani, yanatuama katika ngama, yanakaa wiki baada ya wiki. Na wewe unajua, kwa sababu kila mzee wa baharini hulisema: maji ya chumvi huuhifadhi ubao, maji ya mvua huuozesha. Mashua iliyo kazini, inayokogeshwa na mawimbi, inayopakwa sifa, mafuta ya papa, kwa wakati wake, hudumu na kurithiwa. Iliyopumzishwa juu ya mchanga, ikiachwa wazi chini ya mbingu, huharibika katika misimu michache. Chombo hufa nchi kavu!

Tena kuna kutu. Msumari wa chuma hauozi peke yake. Hufura, huupasua ubao, huugeuza kuwa mweusi na laini kuuzunguka. Leo ni michirizi myekundu chini ya vichwa vya misumari. Kesho kichwa kinabaki mkononi mwako na ubao unaanguka.

Na kuna mtu mwenye msumeno. Huyo hasemi inshallah! Anakuja na fedha mkononi, ananunua jahazi kongwe na mashua kuukuu, anazikatakata akatengeneza meza, vitanda, fremu za vioo vya hoteli. Simlaumu seremala, anakula kwa jasho lake, na ubao uliokwisha kuoza mkuku hauna kazi nyingine bora. Lakini mashua ambayo ingeweza kurudi majini, ambayo ilihitaji mbao chache na mafuta na mtu mmoja mwenye nia, hiyo kuitundika ukutani ikiwa imezunguka kioo ni msiba. Nawe utaiona. Utaingia hotelini siku moja kumsalimu rafiki, utajitazama katika kioo kile, na utaitambua rangi ya chombo cha baba yako.

Usiseme vyombo bado vipo vingi. Hivyo ndivyo walivyosema wenye mitepe!

Mtepe uliunganisha pwani hii karne kwa karne. Mbao zilishonwa kwa kamba za nazi, tanga lilisukwa mkeka, na watu wa visiwa vya Wabajuni waliusafirisha mpaka kusini mwa pwani wakiwa na boriti na nafaka. Nani alidhani ungetoweka? Hata hivyo karne ya 20 ilipokuwa bado changa, mitepe ilikuwa imekwisha. Leo tunaujua kwa picha, kwa maandishi, kwa mifano ya makumbusho. Mfano mmoja mkubwa ulisimamishwa ndani ya jumba la Beit al-Ajaib, Unguja. Na Beit al-Ajaib yenyewe? Nyufa zake zilijulikana miaka mingi, wageni walikuwa wamezuiwa kuingia, matengenezo yalikuwa yamekwisha kuanza, na bado sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020, ikaua watu. Kuujua ufa hakukuuziba ufa!

Mwaka 1938 baharia wa Australia aitwaye Alan Villiers alipanda bumu la Kuwait, akashuka nalo pwani yetu mpaka delta ya Rufiji kupakia boriti. Aliandika na kupiga picha kwa haraka ya mtu aliyeamini kwamba anashuhudia siku za mwisho za vyombo vya tanga. Mabumu yale makubwa ya biashara yamekwenda kweli. Mashua za Lamu hazijakwenda. Unajua kwa nini? Kwa sababu pale Matondoni, na katika vijiji vya Pate, palikuwa na mafundi waliokataa kuweka tezo chini. Siku zote mwisho umeahirishwa na watu wachache wenye mikono migumu. Wewe unaongeza nini?

Basi nenda ukaitazame. Leo, maji yakipwa. Usiende na maneno; nenda na kisu.

Simama nyuma ya tezi, fumba jicho moja, utazame mkuku mpaka omo. Umenyooka? Mshukuru Mungu, una chombo. Umepinda, ncha mbili zimeinama na katikati kumenyanyuka? Hapo kaza moyo, sema kweli: mgongo wa mashua hii umevunjika, na fedha zako zitazama pamoja nayo. Iache. Mlete fundi apime mataruma yake, achukue umbo lake, kisha tafuta nyingine. Sikuhubirii wazimu. Nakuhubiria kuokoa kile kinachookoka, na kufanya hivyo kikiwa bado kinaokoka!

Mkuku ukiwa mzima, piga magoti. Dunga kisu pale mkuku unapokutana na fashini, mbele na nyuma. Dunga mbao za chini kabisa, karibu na ngama. Dunga mahali mlingoti unaposimama, kwa kuwa hapo maji hukaa na macho hayafiki. Ncha ikikataa, endelea. Ikizama kama katika boga, weka alama ya chokaa. Gonga kila ubao kwa kitako cha kisu. Ubao mzima huitika, ubao uliooza hunyamaza. Usiogope alama zikiwa nyingi! Mbao hubadilishwa. Taruma hubadilishwa. Hofu ndiyo isiyobadilika ukiilea.

Kisha kagua sehemu iliyokuwa ndani ya maji kwa muda mrefu. Tafuta vitundu vidogo, duara, safi, vinavyoonekana kama vimetobolewa kwa sindano. Usidharau! Huyo ni mtobozi wa baharini, jamaa ya chaza mwenye mwili mrefu mithili ya mnyoo, anayeingia akiwa mdogo na kukua ndani ya ubao. Nje unaona tundu, ndani pana mapango. Wazee walimjua. Ndiyo maana walipandisha vyombo mara kwa mara, wakakwangua, wakapitisha moto wa makuti chini ya tumbo la mashua, wakapaka shahamu na chokaa. Kila hatua ile ilikuwa na sababu yake, na aliyeiruka alilipa.

Sasa mtafute fundi. Na hapa nakusihi kuliko popote! Fundi wa vyombo haundi kwa ramani. Anaunda kwa jicho. Anautazama mti uliopinda msituni na kuliona ndani yake taruma la ubavu wa kushoto. Anajua kutoboa kwanza kwa keke ili msumari usipasue, anajua kuuvika msumari uzi wa pamba uliolowa mafuta kabla ya kuupiga, anajua ubao gani wa mbambakofi utakubali kupindwa na upi utalia ukavunjika. Hakuandika. Hakuandikiwa. Yamo mikononi mwake, na mikono ile inazeeka.

Atakapozikwa hutampata wa kumuuliza. Mwite sasa! Mkalishe kwenye kivuli, mpe kahawa, mwambie: Mzee, kazi ni yako, mimi nitashika nyundo. Na umlete mwanao naye ashike. Umlete na binti yako, kama anapenda. Jicho la kupima halichagui.

Fanya anavyosema. Badilisha taruma moja, likae, ndipo uende kwa jingine. Usiyang'oe yote kwa pupa, chombo kitapoteza umbo lake na hakuna atakayelirudisha. Tumia misumari iliyopakwa zinki. Songoa pamba, itie mafuta, ikalafati katika kila ungio kwa patasi butu na nyundo, polepole, ukisikiliza. Fundi hujua kwa sauti kama imekaa. Juu yake paka deheni. Mbao za nje zilishe sifa ya papa mpaka zikatae. Ndiyo, inanuka! Itanuka nguoni mwako wiki nzima. Vumilia.

Na chunga mwezi. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, na pwani yetu maji huweza kupanda na kupwa mita 3 na zaidi. Ipandishe mashua juu kwa bamvua moja, uisimamishe kwa magadi, na ujue kwamba una kama wiki mbili mpaka maji makubwa yarudi kuifikia. Kazi ndogo ya kukwangua na kukalafati imalize humo. Kazi kubwa itachukua bamvua kadhaa, sawa, lakini kila moja liwe na ahadi yake: kwa hili mataruma, kwa linalofuata mbao, kwa la tatu tunashua. Mwezi haukungojei! Mwezi hausikii udhuru!

Nakusikia. Unazo nyudhuru tatu, nazo nazijua.

Wasema huna fedha. Mashua kuukuu bei yake ni ndogo; mzigo ni mbao na siku za fundi, na hizo hulipwa kidogo kidogo, ubao kwa ubao. Anza na kipande cha turubai juu yake ili mvua isiingie. Hicho nacho kimekushinda? Mwaka 2018 Kenya iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, mikoko ya Lamu ikiwemo, wengi walijifunza ghafla ubao ni kitu gani. Na wewe una chombo kizima cha mbao zilizokwisha kukatwa, kukaushwa, kupindwa na watu waliojua kazi, unakiacha kilowe!

Wasema siku hizi ni mashine na faiba. Sisemi mashine ni haramu. Mgonjwa akipelekwa hospitali usiku, tanga halina hoja. Lakini petroli inapanda bei, mashine inaharibika kati ya Manda na Pate, spea inangojewa Mombasa, na upepo u pale pale, bure, kusi na kaskazi, vile vile kama kabla ya wewe kuzaliwa. Hata Flipflopi, mashua ya plastiki iliyookotwa ufuoni, iliyoshuliwa hapa Lamu mwezi Septemba 2018 na kusafiri mpaka Unguja mwaka 2019, iliundwa na mafundi wa mbao wakiongozwa na Ali Skanda. Plastiki ilikuwa ngeni. Jicho lilikuwa lile lile la kale. Mafundi wa mbao wakiisha, hata mashua za namna hiyo hazitaundika.

Wasema huna wakati. Huu ndio udhuru mbaya kuliko zote, kwa sababu unaonekana mnyofu. Wakati unao! Unao wa barazani, unao wa simu, unao wa kulalamika kwamba vijana wa leo hawajui bahari. Nani aliwafundisha? Wajifunzie wapi, nawe umekifunga chombo kwenye matope?

Usimfanye Mungu kisingizio cha uvivu wako. Inshallah ya baharia hutamkwa mkono ukiwa umeshika kamba! Nabii Nuhu aliambiwa aunde, akaunda. Aliunda kukiwa kukavu, akaunda watu wakimcheka, akaunda kabla tone la kwanza halijaanguka. Angengoja maji yaonekane, nani angebaki?

Watazame watu wa Sur, Oman, mji ambao vyombo vyake vilikuja pwani hii kwa kaskazi na kurudi kwa kusi. Jahazi lao kongwe, Fatah al-Khair, lilikuwa limeuzwa likafika Yemen. Wangeweza kusikitika. Wangeweza kulisimulia. Walichanga fedha, wakalifuata, wakalirudisha kwao mwaka 1993, na lipo hadi leo, limesimama kwa fahari pale waundaji wake walipoishi. Wao walivuka nchi kukifuata chombo chao. Chako kipo umbali wa kutembea!

Na siku ya kuishua, usitishike. Maji yataingia. Yataingia mengi, na mtu mmoja wa barazani atasema, sikuwaambia? Mnyamazie. Ubao una kiu, acha unywe. Mtu alale ndani, ashike upo, akumbe maji usiku, akumbe alfajiri, akumbe tena. Kama kalafati ilikaa vema, mbao zitavimba, maungio yatabanana, na kila siku utakumba pungufu ya jana. Isipopungua, ipandishe tena bila aibu, utafute ulipokosea. Bora ukosee karibu na gati.

Ndipo uitie farumi chini, uusimamishe mlingoti, ufunge tanga kwenye foromali. Usitoke peke yako kwa kiburi! Mchukue nahodha mzee, umkabidhi kana, ujifunze upya. Chukua majaketi ya kuokolea, moja kwa kila kichwa, watoto kwanza. Usipakie kupita kiasi. Bahari haimjui mwana wa fulani. Anza ndani, mlango wa Lamu, kutoka mjini mpaka Shela. Jifunze kubisha pale, upepo ukiwa usoni, kuvuka na kuvuka tena, kupisha foromali mbele ya mlingoti bila kelele na bila mtu kupigwa kichwa. Kisha Takwa, maji yakiwa yamejaa. Kisha pitia Mkanda wenye maji haba, ukihesabu saa za kujaa, mpaka Pate. Mashua hiyo hiyo iliyokuwa ikinywa mvua nyuma ya mikoko itainama upeponi, itapasua maji, itakubeba!

Hilo ndilo ulilo nalo mkononi. Upande mmoja chombo kilicho hai, fundi aliye hai, upepo ulio hai. Upande wa pili meza ya hoteli. Hakuna upande wa tatu. Kungoja ni kuichagua meza.

Rudi! Uliondoka baharini bila kuamua, siku moja baada ya nyingine. Kurudi kunataka uamue mara moja.

Mpigie jirani aliye Mombasa usiku huu, kabla hujalala, mkubaliane bei. Kama ni ya urithi, waite ndugu zako, dada zako wakiwemo, maana nao wana fungu lao, muulizane wazi nani anaitaka na nani anauza. Kesho maji yakipwa chukua ndoo, upo, kisu, kipande cha chokaa na turubai. Kumba maji yote ya mvua yaliyomo. Kausha ngama kwa matambara. Funika. Weka alama zako. Ukitoka hapo usiende nyumbani; nenda moja kwa moja Matondoni, na miguu ingali na matope, ukamuulize fundi ana nafasi bamvua lijalo.